Kitenzi

Niliandika: wapishi wanne walifukuzwa.
Jumatatu, gazeti likiwa bado na joto la mashine,
nasoma: wapishi wanne waliondoka.

Waliondoka! Kama wageni walioshiba.

Mvua ya Valdivia inapiga bati la Doña Eduvina,
miaka kumi na tisa kwenye masufuria ya bwalo letu.
Ananionyesha ukurasa wa tatu kwa kidole chenye kovu la mafuta ya moto:
"Millaray Huenchuán. Hili jina si lako?"

Ni langu. Herufi zote zipo,
hata ule mkwaju mdogo juu ya a.

Napanda ghorofani kwa Baltazar. Anatafuna kalamu.
"Mhariri hukata," anasema. "Ndiyo kazi."
Kata, namwambia. Kata vivumishi, kata aya ya mwisho,
ile ya mawingu, kwa kweli ilikuwa mbaya.
Lakini ukigeuza kitenzi, niite kwanza.
Nikikataa, ng'oa jina langu
uweke lako.

Kimya. Wino unamvujia mdomoni.

Toleo lililofuata, chini kabisa, kando ya tangazo la baiskeli:
Masahihisho. Walifukuzwa.

Nimelikata kwa mkasi, nikampelekea Eduvina.
Amelibandika jikoni kwake, juu ya kopo la chumvi.