Saba Saba Kutoka Mia

Thembo, kijana wa mazoezi ya viungo,
amenibandikia utepe mweupe sakafuni,
korido ya hospitali, Kilembe,
mita kumi tu.
"Tembea, bibi, huku ukihesabu.
Anza mia moja, punguza saba, punguza saba."
Akabonyeza saa.

Tisini na tatu, mguu wa kulia.
Themanini na sita, wa kushoto, umechelewa kidogo
kama mtoto aliyetumwa chumvi akakuta wenzake wanacheza.
Sabini na...
na miguu ikasimama.

Sabini na tisa. Jibu nililipata,
ila nililipata nimesimama,
kiganja ukutani, kwenye ubaridi wa rangi ya mafuta.
Akaandika kitu. Akakipigia mstari.

Mwanangu Thembo, wewe hukuniona
nikishuka kutoka Kyanjuki alfajiri,
karai la maharage kichwani, Muhindo mgongoni,
Nyamwamba ukinguruma kando,
na chini ya karai duka zima liko wazi:
mke wa fundi winchi, kilo tatu, hajalipa;
yule wa kambi ya juu, kilo mbili, kalipa nusu,
nusu nyingine ni maneno matamu;
nauli, sifuri, kwa kuwa natembea.
Nikajumlisha, nikatoa, nikagawa kwa watoto sita,
nikamsalimia kila niliyepishana naye
hadi habari za mbuzi wake,
wala sikujua kama njiani mlikuwa na jiwe.
Miguu ilijua. Haikuniuliza.

Siku hizi inauliza kila kitu.
Hapa pana tope? Pale pamekauka?
Inaitaka akili yote, kama mkwe mgeni
asiyekubali kuachwa sebuleni peke yake.
Nikiipa, hesabu inamwagika.
Nikiishika hesabu, goti linasahau
kwamba liliajiriwa.

Jana natoka sokoni na mjukuu wangu Masika,
yeye kabeba mfuko, mimi nimebeba mimi,
tuko katikati ya daraja, akaniuliza:
"Bibi, amekurudishia ngapi?"

Nikasimama palepale.
Bodaboda ikapiga honi nyuma yetu,
ikapiga tena,
dereva akasema neno ambalo mama yake hakumfundisha.
Masika akanishika kiwiko. "Umechoka?"

Sijachoka. Ngoja.
Elfu kumi, toa nyanya, toa vitunguu,
toa ule mche wa sabuni.
Maji yalipita chini yetu, mimi sikupita.
"Alipaswa kunipa elfu nne mia tatu," nikamwambia.
"Kanipa elfu nne na mia moja."

Kisha nikaitafuta miguu, mmoja, halafu wa pili,
bila neno, bila namba yoyote kichwani,
nikaigeuza
kurudi sokoni.