Ubeti wa Tatu

Mimi ndiye mshika daftari.
Sauti yangu ni ya kumpigia mwizi kelele,
ndiyo maana wakanikabidhi kalamu.

Alhamisi. Barabara ya Nane, Ngamiani,
chumba cha nyuma kwa fundi Semkiwa.
Akishafunika vyerehani na kufagia vipande vya vitenge,
tunasema klabu imefunguliwa.
Viti kumi na viwili, watu kumi na tisa,
dumbaki, tari mbili, fidla ya Chande,
na kodiani iliyong'oka meno mawili:
nyimbo zote tumezizoesha kuruka hapo,
kama mtu arukavyo dimbwi analolijua.

Sheria ni moja, imebandikwa kwa gundi ya viatu:
AINGIAYE HUIMBA.
Hata aliyekuja kudai.
Mwezi wa Rajabu aliingia kijana wa mita za maji,
akaimba beti mbili, macho kayafumba,
akaondoka bila kutukatia.

Basi wakaimba.
Bi Mwanjaa alianza juu mno, kama kawaida yake,
akatuachia sisi kazi ya kumfuata huko.
Mhina, miaka thelathini kiwanda cha kamba,
huivuta pumzi polepole, akaisokota,
na ukidhani imekatika, bado ipo.
Kahawa ikazunguka. Kashata zikapungua
kwa kasi ambayo daftari haliwezi kuieleza.

Kisha mtu, simtaji, akaugusa ule wa Bi Somoe.
Hatukuwa tumeuimba tangu Mfunguo Pili,
tangu tuliporudi makaburini na udongo viatuni.
Ubeti wa kwanza tukaupita.
Wa pili tukaupita, sauti zikiwa zimeshikana mikono.
Wa tatu:

*Mlango sijaufunga, komeo nimelilaza...*

halafu kimya. Kila mdomo wazi,
na hakuna hata mmoja wenye neno.
Tulimwachia yeye mstari ule miaka yote.
Yeye akiuimba, sisi tukinywa kahawa.

Chande akasema mna "kiunga" humo.
Mhina akaapa mna "kupunga".
Semkiwa akasema tuvume tu, tuvuke,
Bi Mwanjaa akamjibu kwamba hilo si shimo la barabarani.

Ndipo mlango ukasukumwa kwa goti.
Mtoto wa miaka minane hivi, birika mikononi.
"Mama kasema niwarudishie. Bibi aliliazima."
Mguu mmoja ndani, mmoja nje.
Kumi na tisa tukautazama ule wa ndani.

"Sijui nyimbo," akasema.
"Najua ule wa kulalia tu."
Na bila kuweka birika chini:

*Lala Tatu nakuchunga, taa sijaipuliza.*

Upinde wa Chande ukabaki hewani.
Vina vimekaa. Mizani imekaa.
Ila Mhina, mkaidi hata mbele ya yatima wa bibi:
"Siyo maneno yake hayo. Huu ni wimbo wa mapenzi."
"Na hayo," akauliza Bi Mwanjaa, "ni ya nini?"

Tukaurudia kuanzia juu.
Watu wazima kumi na tisa, wengine wana presha,
wanambembeleza Tatu alale
naye kasimama, macho makavu, anatusahihisha:
"Si hivyo. Bibi anavuta hapo kwenye *nakuchunga*."
Tukavuta.
Na mimi, Mungu anisamehe, nikavuta pia,
hakuna aliyegeuka kunitazama.

Mara ya tatu luku ikaisha.
Hakuna aliyeipuliza taa, ilikwenda yenyewe.
Tukamalizia gizani,
nikisikia mfuniko wa birika ukigonga gonga
kwa kufuata dumbaki.

Nimeandika haya kwa mwanga wa simu ya Semkiwa:
*Waliofika: ishirini.
Deni la kahawa: lile lile.
Ubeti wa Tatu umepatikana.*
Herufi kubwa si kosa. Asiifute mtu.
*Birika: limerudi.
Mfuniko ameondoka nao mtoto.*