Ya Kinu Hii

Miaka thelathini na mmoja shangazi Aikande alilipwa kutema.
Kijiko, mluzi, ndoo.
Nyuma yake karani anaandika:
uchachu wa ndimu, mwili mwepesi,
gunia hili lilinyeshewa.

Kwa hiyo nilipompelekea mashine nyumbani kwake Soweto, Moshi,
ile ya vidonge, nyeusi, ndogo kama redio ya mkulima,
nilijua naingia chumba cha mtihani bila kalamu.

"Presha yake?"
Kumi na tisa, nikasema, ndivyo boksi linavyodai.
"Boksi! Mfuko wa saruji nao una picha ya tembo."

Nikabonyeza. Ikanguruma, ikatikisa vikombe vya Pasaka,
ikakojoa uzi mwembamba, na juu povu la hudhurungi.
Akalipuliza. Likajitenga, likarudi kivivu.
"Hewa iliyovaa suti."
Kisha ule mluzi wa zamani. Akatema kwenye sinki.
"Si mbaya," akasema, na kwake hiyo si sifa.
"Lakini espreso? Huyu ni mtoto aliyekariri majibu.
Swali la kwanza anapata.
La pili anajibu lile la kwanza."

Akapasua kidonge kwa kisu cha vitunguu,
akapima unga: gramu tano na kivumbi.
"Kwa bei ya kumi hivi nanunua kilo nzima,
nakaanga mwenyewe, na mtaa unajua nimeamka."

Akakaanga kweli. Akashusha kinu cha mkono,
akashika mpini, na mkono wa kulia
ukaanza safari yake yenyewe.
Punje zikatawanyika hadi chini ya friji.
Tuliokota bila maneno. Nikasaga mimi.
Ile kahawa ilikaa ulimini mwangu
mpaka nikavuka mzunguko wa YMCA.

Jumapili, asubuhi ya manyunyu, nikarudi.
Kinu kiko juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma.
Nikaigusa mashine kwa kiganja: moto.
Nilipokwenda kutupa maganda ya ndizi
nikakuta vidonge vinne vitupu
chini ya gazeti lililokunjwa kwa adabu.

Akaniwekea kikombe. "Ya kinu hii."
Nikavuta kwa mluzi, kama alivyonifundisha,
nikatafuta neno la kumfaa.
"Ina mwili, shangazi."

"Mwongo wewe," akasema,
akainua chake kwa mikono miwili, akanywa.
Hakutema.