Karatasi Chini ya Mguu wa Meza

Umeme ulikatika saa kumi na robo,
ukarudi kwa hasira, kama mtu aliyesahau funguo.
Taa ikapasuka. Friji ya jirani ikanguruma, ikanyamaza.
Na kompyuta yangu, hapa ghorofa ya pili, River Road,
ikaanza kulia tik, tik, tik,
mjusi kwenye dari ya nyumba isiyo na watu.

Mimi kazi yangu ni kuchapa ratiba za mazishi.
Miaka tisa. Sura elfu na zaidi zimepita mikononi mwangu:
nimewanyooshea tai, nimewafuta jasho la harusini,
nimewakata kutoka picha za watu waliokuwa wakicheka pembeni.
Mara nyingine mkono wa mwenzao hubaki begani,
nami huuacha.
Wote niliwaweka mahali pamoja,
faili juu ya faili, kwa majina ya ukoo,
nikasema: akiba haiozi.

Fundi Musyimi, kule Luthuli, aliichomoa diski,
akaiweka sikioni, akafumba macho.
"Una nakala?"
Nikamwambia juzi ilikuwa nzima.
"Sijauliza hilo. Nakala unayo?"
Nikamwambia sura zote nazijua kwa moyo.
Akafuta miwani kwa ncha ya shati,
akanirudishia skrubu sita ndani ya kizibo cha soda
na hakunitoza hata shilingi.
Hilo ndilo lililoniogopesha.

Jumatatu akaja Mama Kemunto, kutoka Kayole.
Simu yake waliipora jioni, akivuka barabara,
na ndani ya simu alikuwamo Obiri,
kitinda mimba wake, miaka kumi na tisa.
"Lakini najua wewe unaye," akasema, akaketi.
"Nilikulipa. Risiti ninayo."

Unaye.
Hakusema unayo.

Nifanyeje? Nilimfungulia soda.
Nikamweleza habari za umeme, za sindano ndogo
inayoikwaruza sahani mpaka haisomi tena ilichokiandika.
Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya mkoba,
kisha akauliza, polepole,
"Kwa hiyo amekufa tena?"

Chini barabarani kipaza sauti cha muuza dawa
kilikuwa kikirudia sauti ileile ya tangu asubuhi:
kunguni, mende, panya. Kunguni, mende, panya.
Hata dawa ya panya ina nakala, nikawaza.

Aliposimama aliegemea meza, meza ikayumba.
Nikainama kuisukuma ndani ile karatasi
niliyoikunja mara nne chini ya mguu mfupi.
Ikachomoka. Ikafunguka yenyewe, kidogo.
Ilikuwa ratiba iliyoharibika, siku ile wino mwekundu uliponiishia:
Obiri, wa kijani kama sukuma wiki,
na nusu ya jina lake,
na alama ya mguu wa meza shavuni.

Hakulia. Aliitandaza mapajani,
akaipiga pasi kwa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni.
"Hapa," akasema, "hapa alikuwa anataka kucheka,
nikamkataza."
Akaondoka naye.

Sasa kila Ijumaa, kabla sijateremsha mlango wa bati,
nanakili. Moja hubaki hapa.
Moja naipeleka Rongai kwa dada yangu Wangeci,
hukaa ndani ya kopo la majani ya chai,
naye nimemkataza kuuliza ni ya nini.
Ya tatu naipandisha winguni usiku, bando likiwa rahisi.
Mstari wa buluu hutambaa: arobaini kwa mia,
arobaini na moja, unasita, arobaini na moja.
Nami naketi nao kama anayekesha matangani,
koti mabegani, chai imepoa,
mpaka wa mwisho wao avuke.

Meza bado inayumba.
Sijaikunjia karatasi nyingine.