Idadi ya Abiria

Fomu ya uwanja wa ndege ina visanduku kumi na saba.
Niliijaza nimesimama, kwa kalamu ya kuazima,
kaunta ikinichoma mbavu.
Aina ya chombo: boya la katoni ya friji,
fito za matete, gundi, raba ya tairi la baiskeli.
Uzito: kilo moja na robo.
Idadi ya abiria:
hapo kalamu ikagoma.
Bwana Nsabi wa mnarani akachungulia juu ya miwani.
"Andika sifuri, mama. Sifuri nayo ni namba.
Ila saa kumi na nusu inatua ndege ya Dar.
Ikifika, nisione angani hata kunguru wenu."

Wiki tatu sikukaa kitako.
Polisi wanataka barua, kata wanataka nakala ya barua,
mwalimu mkuu pale Isevya anataka kujua
nani atazoa maganda ya karanga Jumatatu.
Viti mia mbili ni vya Kasele, anayekodisha pia misibani;
tuombe, alisema, asife mtu Jumamosi.
Tukaomba.
Kamba ya katani, mita mia tatu:
watu nyuma ya kamba, ndege mbele ya kamba,
katikati mimi na filimbi,
mweka hazina wa klabu yenye wanachama tisa
na deni la betri.

Jumamosi vumbi lilitangulia kufika.
Mwezi wa nane Tabora upepo hauombi kibali.
Ulipindua miavuli, ukalilaza bango letu chali
likawa la kusomwa na Mungu peke yake.
Nilitarajia watu themanini.
Walikuja mia sita,
na watoto wakaikalia kamba mpaka ikawa bembea.

Mihayo wa karakana ya reli,
anayekaza nati za mabehewa kutwa nzima,
aliishika ndege kama ashikaye kifaranga,
akairusha.
Na mimi niliyehesabu kila tone la gundi
sikuwa nimeuhesabu ukimya ule.
Ikabiringika. Ikaruka mgongo chini, tumbo juu.
Ikaandika nane, ikarudi kuinyoosha.
Bibi mmoja wa Ng'ambo akasema, taratibu,
kama aliyemtambua mtu wake akishuka treni:
"Kumbe."
Basi. Hakuongeza neno.

Saa kumi na dakika tano rimoti ikakata kauli.
Mihayo anaminya, anaminya.
Ndege ikaelekeza pua kusini, kwenye miombo,
bila haraka, kama mtu aliyekwisha pokea mshahara.
Nikapuliza filimbi. Sijui nilikuwa nampulizia nani.
Umati ukashangilia, ukidhani imo kwenye ratiba,
na mshereheshaji, Mungu amsamehe,
akatangaza kwamba imo.
Nikampigia Nsabi, ulimi mkavu.
"Imeelekea wapi?"
"Kusini."
"Ya Dar inatokea mashariki. Pumua, mama."

Jumatatu nilikuwa nazoa maganda ya karanga
alipofika mrina asali kutoka Itetemia,
ndege kaifunga kwenye keria ya baiskeli kama mbuzi.
Bawa moja halipo. Pua imeganda nta.
"Imenivunjia mzinga," alisema,
kwa sauti ya mtu anayetaja tarehe.
Nikafungua daftari. Viti. Kamba.
Soda za polisi, ambazo hakuna aliyeniambia mapema.
Chini yake nikaandika: mzinga mmoja, elfu ishirini na tano,
na hesabu yote ya sherehe ikaishia kwenye hasara ya elfu nne.
Alihesabu noti mara mbili. Hakuondoka.
Alikuwa akikwangua nta kwa ukucha, akiilamba,
akauliza kama mwakani tutarusha tena,
na kama mtu wa Itetemia anaruhusiwa kushika ile rimoti.

Nikainamia ndege nione kilichosalia.
Ndani ya kitundu cha betri, nyuki wanne,
hai, wakipanda na kushuka kwenye waya.
Nikatoa nakala yangu ya fomu,
na kalamu, safari hii yangu mwenyewe,
nikakata ile sifuri.