Kupepeta Hewa

Kwetu Butere mama alipepeta wimbi:
upepo ulichukua makapi, ungo ukabaki na nafaka.
Mimi, nyuma ya wodi ya watoto hapa Kayole,
kati ya tangi la maji na kamba za shuka,
naupepeta upepo wenyewe.

Minara miwili, kimo cha mlango na nusu,
imejaa punje nyeupe kama shanga zisizotobolewa.
Kompresa inasukuma hewa ya Julai:
moshi wa Outering, mafuta ya mandazi, baridi,
kikohozi cha jiji zima.
Punje zinainasa naitrojeni.
Oksijeni inapita katikati yao
kama mgeni asiyejuana na mtu.

Siku ya kwanza nilidhani jiwe hushika kinachotakiwa.
Osoro akaniinulia chujio la chai:
"Majani yamebaki hapa. Wewe unakunywa nini?"

Mnara ukishiba, vali inafunguka. Pssss.
Mtoto wa bawabu huapa ni nyoka.
Ni mnara unapumua ili upumzike,
na mwenzake ameshapokea,
wanawake wawili kwenye kinu kimoja,
mchi juu, mchi chini, mpaka kuche.

Adui ni maji.
Punje zikionja unyevu zinalewa,
hazikumbuki zilitumwa nini.
Saa nane usiku mita ilisoma tisini na tatu.
Saa tisa, themanini na nane.

Kikaushio kilikuwa kimeziba.
Nikafungua mitungi ya akiba, ile ya enzi za lori,
tulipokuwa tukingoja pumzi itoke Viwandani
na Barabara ya Jogoo imefunga.
Nikapiga magoti, tochi mdomoni, spana ikiteleza.

Ng'ambo ya ukuta, mtoto wa Wambeti,
kilo moja na gramu mia mbili,
hajapewa jina.
Sijamwona. Mimi huona tarakimu.
Tisini.
Tisini na moja na nusu.
Nesi Nasambu akagonga dirisha mara moja,
maana yake: endelea.

Saa kumi na moja, tisini na tatu.
Mia haifiki kamwe. Kuna agoni,
hupenya mlango uleule na oksijeni,
haisaidii, haidhuru,
binamu aliyeingia arusini bila kadi.

Nikatoka nje. Shuka kambani zilikuwa bado mbichi.
Nikavuta hewa isiyopepetwa,
sehemu moja nafaka, nne makapi,
nikaitoa yote polepole,
nikarudi kumsikiliza nyoka.