Dirisha la Ukurasa wa 212

Insha imerudi. Nne nukta mbili kati ya saba,
na pembeni, kwa wino wa kijani
(Mwalimu Oyarzún anasema mwekundu unatisha),
ameandika: "Ismenia, maneno unayajua. Sasa jua kitu."

Nimenuna njia nzima hadi kona ya ghala la sufu,
nimeshika kamba iliyofungwa kando ya barabara,
maana Septemba upepo wa Punta Arenas hauna adabu,
humvua mtu kofia na alichokuwa akifikiri.

Ni kosa la riwaya ile.
Kurasa mia nne, jalada limegundishwa mara mbili,
na nyuma, orodha ya walioiazima:
jina la mama yangu limo,
mwandiko wa mviringo ambao hana tena.
Sura sita nzima mjane anahesabu kondoo, anachemsha maji.
Nikasema, huyu mwandishi anatwanga maji kinuni.

Kisha ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.
Mtoto wake anafariki alfajiri.
Nikajiandaa kwa radi, kwa mbingu kupasuka,
kwa kwikwi za aya tatu,
kama ambavyo ningeandika mimi.
*Akaenda kufunga dirisha,
kwa kuwa mtoto hakupenda baridi.*
Basi. Sura ikaisha.
Nikabaki na lile dirisha mpaka chakula kikapoa.

Mada ya insha yangu ilikuwa Kuondoka.
Nilianza hivi: "Huzuni yangu ni bahari isiyo na ufuko."
Uongo. Bahari naiona kila siku kutoka jikoni.
Ufuko inao. Una na mbwa wawili wa Bwana Cárcamo.

Nimefuta. Nimekaa. Birika limelia, limenyamaza.

Baba aliondoka Machi kwenda visima vya gesi, ng'ambo ya mlangobahari.
Alisahau glavu zake juu ya bomba la jiko.
Zimekauka zikiwa zimekunja vidole.
Jumamosi mama hufuta vumbi bomba zima;
akifika kwenye glavu, huzizunguka.

Nimeandika hayo tu.
Nilitaka kuongeza kuhusu mikono ya mzimu,
kalamu ilishafika kwenye "kama".
Nikaikata.

Sijui. Labda ni nne tena.
Bahari yangu nimeihamishia ukurasa wa mwisho wa daftari,
kwa penseli, asikopekua mwalimu.
Bado naipenda kidogo.